Glavu za kizamani na maboksi yake: kabla hujatoa hela, nusa kwanza

Jamani mwezi uliopita nimeliwa pauni 35. Nililiona boksi la glavu kwenye mnada wa Jumapili huku Uingereza, refu jembamba, mfuniko una picha ya bibie na maua, ndani satini ya pinki na jozi ya glavu nyeupe za ngozi ya mwanambuzi, nikasema leo nimeokota. Kufika nyumbani najaribu kuvaa, kidole cha kati kikakatika kama chapati ya juzi. Na kale kafungo ka shaba kameota ukijani.

Mambo ya saizi na rangi sisemi, kila mtu ana mkono wake. Mimi shida yangu ni boksi, maana watu wanakagua glavu wee, kumbe muuaji ni boksi. Mengi ya yale ya miaka ya 1890 na 1900 yamefunikwa selulodi, ile plastiki ya mwanzo mwanzo ya pamba iliyolowekwa asidi ikachanganywa na karafuumaiti. Ikizeeka inatoa mvuke wa asidi pole pole, na mfuniko ukifungwa mvuke unabaki humo humo, unakula ngozi, unakula uzi, unakula kifungo. Sugua kona kwa kidole gumba mpaka ipate joto, halafu nusa. Ukisikia karafuumaiti, rudisha mezani. Ikiwa na nyufa au inanata, hata bei usiulize, na kwenye mshumaa usiisogeze maana inawaka vibaya sana.

Sasa glavu zenyewe: namba moja ni za Dents, kampuni ya Uingereza, upendeleo ninao na sifichi. Wapo tangu 1777, walianzia mji wa Worcester, na ndio walioshona glavu ya kutawazwa Malkia Elizabeth 1953. Panua vidole vya glavu utazame vile vipande vyembamba vya katikati, za kwao mishono midogo mpaka unajiuliza nani alikuwa na macho hayo.

Namba mbili za Grenoble, Ufaransa, kwa kina Xavier Jouvin aliyeweka mpango wa saizi miaka ya 1830. Laini ajabu ila zinabana, zamani walitanua vidole kwanza kwa koleo la mti ndio mkono uingie.

Nailoni za miaka ya 1950 bei chee, zinafulika, basi.

Boksi chukua la mti, hata kama halina picha.

Halafu hawa wauzaji! Selulodi wanaiita pembe ya Kifaransa. Ufaransa kuna tembo? Na pembe yenyewe ya tembo huku biashara yake imebanwa na sheria tangu 2022, ila neno pembe likishaandikwa kwenye kikaratasi bei inaruka mara tatu.

Nilimrudia yule wa kwangu Jumapili iliyofuata, akanijibu eti nyufa ndio uzuri wa vitu vya zamani. Meza ya tatu kutoka kwake nikapata Dents za kahawia, saizi 6¾, zimeviringishwa kwenye leso ya pamba, pauni 8. Nimezivaa tangu asubuhi, hii naandika kwa kidole kimoja.