Taa za mianzi za Kijapani: ipi ununue kwanza

Ya kwanza ni taa ya Suruga, kutoka mkoa wa Shizuoka, hasa kama unaishi pwani. Haisukwi. Fundi huvuta njiti za mwanzi kwenye matundu ya bamba la chuma mpaka ziwe nyembamba na za mviringo, kisha huzichomeka mojamoja kwenye pete za mwanzi zilizotobolewa. Haina karatasi ya kuota ukungu, na vumbi hutoka kwa brashi laini. Kagua pete: ncha zake zikatwe mshazari na kulaliana, zisigonganishwe tu. Halafu sukuma njiti kwa kucha. Ikizunguka ndani ya tundu, achana nayo, maana mwanzi ukizidi kukauka itachomoka.

Ya pili ni Akari, taa ya karatasi yenye mbavu za mwanzi. Mchongaji Isamu Noguchi alianza kuzibuni mwaka 1951 mjini Gifu, na kampuni ya Ozeki bado inazitengeneza. Mwanga wake ni mtulivu kuliko zote hapa, na hukunjika ikawa bapa, hivyo haisumbui kusafirisha. Ila karatasi haioshwi, huchanika, na hugeuka njano. Halisi ina alama ya jua na mwezi. Nakala nyingi zina mbavu za waya, na waya ukishika kutu huacha madoa.

Ya tatu ni ya kusuka, kutoka mji wa Beppu. Ni nzuri mno, lakini ufumaji wenye matundu makubwa huacha balbu ikuchome macho, kwa hiyo juu ya meza ya chakula chukua uliobana. Uliza kama mwanzi ulichemshwa kutoa mafuta, kisha ukaanikwa juani. Unga mweupe chini ya taa na vitundu kama vya sindano ni dalili kwamba wadudu wameshaingia.

Shedi (vifuniko vya taa) zilizoungwa kwa pini za stepla na gundi ya moto ziwe za mwisho: joto hulainisha gundi.

Umeme wa Japani ni volti 100, tofauti na wetu. Nunua shedi tupu, fundi akufungie holda ya E27 (ya balbu za kuzungusha) na balbu ya LED ya volti 230, isiyozidi wati 8, yenye mwanga wa njano (kelvini 2700). Uzito ubebwe na ndoano ya dari, usiachiwe waya wa umeme.