Kiti cha mbao kutoka Keko: tathmini ya mama wa mtoto njiti

Kiti ninachokitathmini hapa ni cha mbao ya mkongo. Kina mgongo ulionyooka, mabawa mawili ya kuzuia kiwiliwili kisilale upande, nguzo fupi ya kukaa kati ya mapaja, ubao wa kukanyagia na meza ndogo inayochomolewa. Kimetengenezwa kwa oda katika karakana moja ya samani huko Keko, Dar es Salaam, kwa shilingi 180,000, na binti yangu wa miaka minne, ambaye ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia na kushindwa kuongoza misuli vizuri, amekitumia kwa miezi saba sasa. Karakana sitaitaja jina, kwanza kwa sababu nina lawama nayo, na pili kwa sababu fundi mwenyewe aliniomba nisimletee wateja wengine kabla hajamaliza oda alizo nazo. Mtu aliyesubiri siku 37 kama mimi angeliona ombi hilo kuwa la haki kabisa.

Binti yangu alizaliwa katika wiki ya 29 ya ujauzito akiwa na uzito wa gramu 1,180. Wodini tulifundishwa kumbeba kwa njia ya kangaruu: mtoto anavuliwa nguo akabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kisha mama anajifunga kanga iliyokaza juu yake. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali ambayo mashine za kuwapa watoto joto hazikuwatosha, na Shirika la Afya Duniani linashauri ifuatwe kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mimi nililala nusu nimeketi kwa wiki tano, nikikamua maziwa kwa mkono na kuyaona yakishuka taratibu kwenye mrija wa puani. Tangu siku zile, chombo cha kumshikilia mtoto huyu kimekuwa mwili wangu: kwanza kifua, baadaye mgongo, na kisha, kwa zaidi ya miaka mitatu, mapaja. Ndiyo maana naomba msomaji anivumilie nikieleza kwa kirefu jambo linaloweza kuonekana kuwa ni kiti tu.

Dalili za mtindio wa ubongo tulichelewa kuzitambua, kwa kuwa kila aliyetutembelea alitufariji kwamba njiti huchelewa. Ni kweli huchelewa, lakini kuchelewa huko kuna hesabu yake. Mtoto aliyezaliwa wiki 11 kabla ya wiki ya 40 hupunguziwa wiki hizo 11 anapolinganishwa na wenzake, wala si zaidi ya hapo. Binti yangu alipofikisha miezi 14 bila kuweza kuketi, hesabu hiyo ilikuwa imeshindwa kumtetea. Daktari alitueleza kwamba kwa watoto njiti sehemu inayoumia mara nyingi ni ile iliyo kando ya vyumba vya maji vya ubongo, mahali zinapopita njia za neva ziendazo miguuni, na kwa hiyo miguu hukaza kuliko mikono. Ya binti yangu hukaza na kupishana kama mkasi, hasa akifurahi.

Kabla ya kiti hiki tulijaribu beseni la kufulia lililozungushiwa mito, halafu kiti cha plastiki cha mtoto kilichotobolewa ili kipitishe mtandio wa kumfungia. Beseni lilimkunja mgongo, na kiti cha plastiki kilimwacha akiteleza taratibu mpaka kidevu kikaangalia dari. Mtoto akila huku shingo imelala nyuma, uji huelekea njia ya hewa kwa urahisi, na binti yangu alikuwa akipaliwa karibu kila mlo. Kikombe kimoja cha uji wa lishe kilituchukua dakika 50, mimi nikiwa nimemkumbatia kwa mkono wa kushoto na kushika kijiko kwa mkono wa kulia, na mlo ulipokwisha sote wawili tulikuwa tumelowa.

Mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye aliyesema kwamba mtoto anahitaji kiti cha kipimo, akanichorea mchoro kwenye karatasi. Fundi wa Keko aliutazama kwa makini, akakiri kwamba hajawahi kutengeneza kitu cha namna hiyo, na akamwomba binti yangu ruhusa kabla ya kumpima, jambo lililonipendeza sana. "Mwanangu, nikuguse goti?" alimwuliza, na alisubiri kweli mpaka akapata tabasamu. Alichukua vipimo sita kwa futikamba na kuviandika nyuma ya kipande cha msasa kilichokuwa mezani.

Kipande hicho cha msasa ndicho chanzo cha matatizo yote. Siku chache baadaye kijana wa karakana alikichukua akapigia msasa mguu wa kitanda cha mteja mwingine, na fundi, badala ya kunipigia simu, alikadiria kwa kumbukumbu. Tulikuwa tumekubaliana siku kumi, nami nilikuwa nimelipa malipo ya awali ya shilingi 100,000. Siku ya kumi nilijibiwa kwamba umeme umekatika, siku ya kumi na tano kwamba mbao haijakauka, na baada ya hapo ni "njoo kesho, dada," ile kesho ya mafundi ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua. Kiti kilipotoka, kikalio kilikuwa na kina cha sentimita 28, wakati kipimo halisi kilikuwa 23.

Tofauti ya sentimita tano haionekani kwa macho ya mpita njia, lakini kwa mtoto wa aina hii ndiyo inayoamua kila kitu. Kikalio kikiwa kirefu kupita paja, ukingo wake humsukuma nyuma ya goti, naye huteleza mbele ili kuukwepa. Nyonga hulala, mgongo hupinda, na tunarudi kwenye beseni. Mtaalamu alionyesha kosa hilo bila maneno mengi: aliingiza vidole vyake kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti la mtoto, mahali ambapo vinatakiwa vipite vidole viwili, na havikupita hata kimoja. Pia aliagiza mkanda uhamishwe. Fundi alikuwa ameufunga tumboni, kama wa kwenye gari, ilhali unapaswa kupita juu ya nyonga kwa mshazari ili ushikilie kiuno bila kubana tumbo lenye chakula.

Kwa haki ya fundi, marekebisho aliyafanya bila kudai hata senti moja, na aliyafanya kwa siku mbili. Tangu hapo sina neno juu ya kazi ya mbao yenyewe. Kingo zote zimeviringwa, hakuna kichwa cha skrubu kinachochomoza, na ubao wa kukanyagia una matundu matatu ya kuushushia kadiri miguu inavyorefuka. Tayari tumeshatumia tundu la pili. Meza ina ukuta mdogo pembeni, ili bakuli lisisukumwe hadi sakafuni. Nguzo ya katikati imefunikwa sponji nene, nayo huizuia miguu isipishane. Binti yangu huketi nyonga, magoti na vifundo vikiwa vimekunjwa sawasawa, kidevu kimeshuka kidogo, na kikombe kilekile cha uji sasa kinakwisha kwa dakika 20 bila kupaliwa, isipokuwa akiamua kucheka katikati ya funda.

Kasoro zilizobaki ni tatu. Sponji limevalishwa ngozi bandia, ambayo husafishika kwa kitambaa kimoja lakini kwa joto la Januari humtoa mtoto vipele mgongoni. Nimelazimika kushona foronya ya pamba kwa gharama yangu. Vanishi ilikuwa mbichi tulipokichukua kiti, nasi tulikiacha barazani siku nne kabla ya kukiingiza ndani, kwa kuwa kifua cha binti yangu hakijawahi kuwa imara tangu kuzaliwa. Na uzito! Mkongo ni mzito, kiti hakikunjiki, na dereva wa bajaji aliyetupeleka Mbagala alikifunga kwa kamba huku akiniuliza kama kuna mfalme anayehamia. Kwa safari za kliniki kiti hiki hakifai hata kidogo, na mtoto bado hubebwa mgongoni.

Jambo moja ambalo fundi hakuweza kulitengeneza ni macho ya watu. Mama mkwe alipokiona kiti kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni na mfuko wake wa ndizi mkononi, akasema kwa upole, "Mwanangu, mtoto hafungwi kama mbuzi." Nilimjibu, "Mama, mkanda huu ndio mkono wangu," nikamkabidhi kijiko. Alimlisha mtori bakuli zima, kisha akaangalia pembeni kwa muda mrefu. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha kwamba nusu saa imepita na mtoto ahamishwe mkekani, kwa maana mtaalamu alituonya kwamba hata kiti kizuri hakifai kukaliwa kutwa nzima.

Mama anayefikiria kuagiza kiti kama hiki asiende Keko peke yake. Aende na vipimo vilivyochukuliwa na mtaalamu, malipo ya mwisho ayazuie mpaka mtoto aketi na vidole viwili vipite, na kama anatarajia kurudi kazini apange muda mapema. Mimi nilikuwa na siku 84 za likizo ya uzazi, na wiki tano kati ya hizo ziliishia wodini. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 sasa yanamwongezea mama wa mtoto njiti muda hadi wiki 40 za ujauzito zitimie, na ningeyapata wakati ule huenda ningeigundua ile miguu mapema.

Wiki iliyopita nimemrudia fundi yuleyule ili atutengenezee kisimamio, kifaa cha kumwezesha mtoto kusimama akiwa ameshikiliwa magotini na kifuani. Amesema siku kumi. Vipimo nimeviandika mwenyewe kwenye daftari la kliniki, na nakala yake, kwa kalamu ya wino usiofutika, iko chini ya kikalio cha kiti hiki, mahali pasipofikiwa na msasa wa mtu yeyote.