Cessna 206 kuzunguka Lengai: kwa madereva wenzangu mnaouliza kama inalipa

Wengi mmekuwa mkiniuliza kama ile safari ya ndege ndogo ya kuzunguka volkano ya Ol Doinyo Lengai na ziwa Natron ina thamani ya hela yake, maana mgeni akishaona picha anaitaka, na anayeulizwa ni wewe uliyeshika usukani. Nimeipanda na wageni wangu, mke na mume watu wazima kutoka Uholanzi, tukitokea uwanja wa Arusha pale Kisongo. Inalipa, lakini asubuhi tu. Wakikuuzia ya saa sita mchana, kataa.

Jina la kampuni silitaji. Malalamiko yangu ni ya ofisi na sifa zangu ni za rubani, na rubani kesho anaweza kuwa anarushia kampuni nyingine.

Unakodi ndege nzima, si kiti. Wageni wawili wanalipa sawa na wanne, kwa hiyo ukipata kundi linalogawana bei mambo yanakuwa mepesi. Ila usimwahidi mtu kwamba ndege ya viti sita itabeba watu sita. Mtapimwa uzito, nyinyi na mabegi yenu, na mgeni aambiwe mapema kwamba atapandishwa kwenye mizani mbele ya wenzake. Si ukorofi. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, ile inayoisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Jua likiwaka hadi nyuzi 28 hewa inakuwa nyepesi, na ndege inapaa kwa shida kana kwamba uwanja umesogezwa juu ya futi 7,000. Mnaijua Land Cruiser ya petroli iliyojaa watu na mizigo ikipanda kutoka Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro? Ndiyo hiyo hiyo, tofauti ni kwamba huku hakuna pa kuegesha.

Kuna jambo moja rubani alilifanya kabla hatujawasha injini, na tangu siku hiyo ndilo ninalolitumia kumpima rubani. Abiria wa nyuma kwenye 206 wanaingilia mlango wa kulia wenye mabawa mawili. Flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa la ndege vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa zimeshushwa, lile bawa la mbele la mlango linagonga flapu na halifunguki lote. Siku ya kutua vibaya, mtu asiyejua atasukuma mpaka achoke. Rubani alishusha flapu, akamketisha yule mama wa Kiholanzi kwenye kiti chake, akamwambia afungue mwenyewe. Mama akasukuma, mlango ukagoma. Akamwelekeza apitishe mkono, afungue kwanza bawa la mbele kadiri linavyokubali, halafu ashushe komeo la bawa la nyuma. Alimrudisha mara ya pili bila kumsaidia. Rubani asiyekuonyesha mlango huo, muombe akuonyeshe. Akikuona msumbufu, shuka.

Sasa tulichokiona. Ukishaiacha milima ya Monduli, bonde la ufa linafunguka, na pale Engaruka ndipo nilipobaki mdomo wazi. Miaka yote nimewapitisha wageni kwenye yale magofu na nimeona macho yao yakizubaa, kwa sababu ukiwa chini ni mawe na miiba tu. Kutoka juu yanakuwa shamba. Unaona vigawanyo vya mawe, kimoja kando ya kingine, vimejipanga kuufuata mfereji unaotoka kwenye korongo la ukuta wa bonde, na jua la asubuhi linapoingia upande kila mstari unatupa kivuli chake. Watu waliolima pale kwa umwagiliaji waliondoka yapata karne ya 18, na mpango wao wa maji bado unasomeka. Hili halimo kwenye kipeperushi cha kampuni hata kwa mstari mmoja. Wamejaza flamingo.

Lengai kwa barabara ni nusu siku ya vumbi kutoka Arusha. Kwa ndege ni chini ya nusu saa. Wageni wote huuliza kama ule weupe wa kileleni ni theluji. Ni lava. Hii ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hii, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu ya lava ya kawaida. Inatoka nyeusi kama oili chafu, kisha ikikutana na unyevu inageuka nyeupe.

Ofisi ilikuwa imetuahidi kwamba tutaona ndani ya kasoko. Kilele kina mita 2,962, yaani zaidi ya futi 9,700, na tulipokaribia rubani akageuza pua ya ndege, akabaki upande wa mashariki.

"Kapteni, si tungepita juu yake?" nikamuuliza kwenye hedifoni.

"Leo hapana, kaka. Upepo unatoka mashariki. Ukivuka kwenda upande wa pili unakuta hewa inaporomoka, na nyuma yake kuna ule ukuta wa bonde. Injini hii haishindani na hewa inayoshuka."

Akatuonyesha ukingo wa kasoko kwa mbali, akiusogelea kwa mshazari ili abaki na nafasi ya kugeuka. Mzee wa Kiholanzi alinuna kidogo. Mimi nilimpenda rubani hapo hapo. Anayewaambia wageni "leo hapana" huku wameshalipa ndiye wa kumpa wageni wako.

Natron alipita juu, hakushuka kuwafukuza flamingo ili mtu apate picha, na nilifurahi, maana flamingo wadogo (hilo ni jina la aina yao, si makinda) wa Afrika Mashariki hutegemea ziwa hilo kuzaliana. Kasoko ya Empakaai na ziwa lake ndani ni nzuri kuliko Ngorongoro ukiwa angani. Naomba nisizomewe.

Juu ya Ngorongoro ndipo uzembe wa ofisi ulipotufikia. Tuliambiwa kuondoka saa moja, tukaondoka saa tatu kasoro kwa sababu mhasibu hakuwa amefika kupokea hela. Ardhi ilikuwa imeshapata joto, na ndege ikaanza kurushwa. Joto hilo hilo ndilo linalowanyanyua tai. Nyote mnasimamisha gari kwenye kaburi la Michael Grzimek, yule Mjerumani aliyehesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege, pale ukingoni: ndege yake aina ya Dornier, ile iliyopakwa milia ya pundamilia, iligongana na tai tarehe 10 Januari 1959. Rubani wetu aliwaona tai wawili kabla yangu mimi ninayejisifu kuwaona wanyama, akapinda taratibu.

Mama akachafukwa na tumbo. Mfukoni mwa kiti hamkuwa na mfuko wa kutapikia, na mifuko ya plastiki tumeshaizika tangu 2019, kwa hiyo boksi la chakula cha mchana likafanya kazi ambayo halikutengenezewa. Bebeni mifuko ya karatasi yenu. Bebeni na sweta, huko juu kuna baridi. Anayepiga picha akae mbele kando ya rubani; viti vya nyuma vina mhimili wa bawa kwenye kila picha, na vioo vya ndege yetu vilikuwa na mikwaruzo. Hedifoni moja ilikuwa imekufa, tukawa tunapokezana.

Rubani nampa nyota tano. Ofisi mbili, na ya pili ni kwa sababu walimrudishia mama hela ya boksi la chakula bila kubishana.