Uzoefu wangu: chokoleti ya kompaundi kwenye keki ya kompyuta

Novemba iliyopita familia ilinikabidhi keki ya mahafali ya mdogo wangu, aliyehitimu shahada ya sayansi ya kompyuta, kwa sharti moja tu: ifanane na kompyuta mpakato iliyofunguliwa. Keki yenyewe haikunitisha. Niliioka kwenye trei ya sentimita 30 kwa 20, kwa gramu 400 za unga, mayai saba, na gramu 350 za siagi na kiasi hichohicho cha sukari, ikatoka imara kama inavyopaswa kuwa keki itakayobebeshwa mzigo. Kilichoninyima usingizi ni chokoleti ya juu, kwa kuwa jikoni kwetu Dar es Salaam hakuna kiyoyozi, na siagi ya kakao iliyomo kwenye chokoleti halisi huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, tena huanza kulegea mapema zaidi ya hapo.

Ndiyo maana nilinunua Kariakoo pakiti ya kilo moja ya chokoleti ya kompaundi, ile ya vipande vya duara vidogo kama vifungo vya shati, ambayo hutiwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Bei yake haikufika nusu ya ile ya chokoleti halisi, na muuzaji alinihakikishia: "Hii haikuangushi, dada, hata kwa joto hili." Maneno yake yalikuwa na ukweli kuliko maelezo ya kwenye pakiti. Pakiti inaagiza iyeyushwe kwenye maikrowevu kwa dakika mbili mfululizo. Nilipotii, vipande vya katikati viliungua huku vya pembeni vikiwa bado vizima, na gramu 200 zikaishia kwenye pipa la taka. Nikarudi kwenye njia ya zamani ya kuweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na kukoroga kwa mwiko mkavu kabisa, kwa sababu hata matone machache ya maji huifanya chokoleti ishikamane ghafla na kuwa madonge. Kwa njia hiyo iliyeyuka ikawa laini na yenye kung'aa.

Ilinifurahisha zaidi kwenye kioo cha kompyuta. Nilimimina gramu 300 juu ya karatasi ya kuokea, nikaisawazisha mpaka ikawa bamba la unene wa nusu sentimita, nikaiacha igande bila hata kuitia kwenye friji. Bamba hilo nililisimamisha nyuma ya keki kwa vijiti vitatu vya mishikaki, nikaandika juu yake kwa kompaundi nyeupe amri ya kuiambia kompyuta iandike hongera, print("Hongera"), na likakaa ukumbini saa tatu bila kupinda. Awali nilikuwa nimejaribu kuchanganya kompaundi na chokoleti nyeusi halisi ili kuboresha ladha, lakini bamba la majaribio lilibaki laini, na baada ya siku mbili likaota utando mweupeupe. Mafuta ya aina hizo mbili hayapatani, na simshauri mtu ayachanganye kwa kazi ya kusimama.

Vitufe vya herufi nilivikata kutoka kwenye bamba jingine, kila kimoja sentimita mbili kwa mbili, vyote 26, nikavipanga kwa safu za kumi, tisa na saba. Kisu kilichopashwa moto na kufutwa vizuri kilipita bila kuvunja kingo. Kosa lililotokea hapo ni langu mwenyewe: nilipanga herufi kwa kukariri, na mdogo wangu, kabla hata hajashika kisu, alinionyesha kwamba M na N zimebadilishana nafasi.

Malalamiko yangu yako kwenye topingi iliyofunika keki nzima. Niliitengeneza kwa gramu 400 za kompaundi na mililita 200 za krimu, ikajipaka vizuri na kunipa kona zilizonyooka kama nilivyotaka, lakini mdomoni iliacha mafuta yaliyoganda kwenye kaakaa, na utamu wake ulifunika kabisa harufu ya kakao. Mama alikula kipande chake kwa adabu, kisha akakwangua ile ya juu na kuiweka pembeni ya sahani. Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba kakao nzuri inalimwa hapa hapa nchini, kule Kyela, ilhali pakiti niliyoshika mkononi imetoka nje.

Kwa vitufe, vioo na mapambo yote yanayotakiwa kusimama kwenye joto la pwani, ninaipa bidhaa hii nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoipunguza ni kwa ajili ya maelekezo yale ya maikrowevu. Kwa topingi ninaipa mbili. Keki ijayo nitaifunika kwa chokoleti nyeusi halisi na krimu kwa uwiano uleule wa mbili kwa moja, niitoe kwenye friji dakika za mwisho, na bamba la kompaundi nitalisimika ukumbini.