Aliyesaini hapa ni nani? UCG ya 2023, nilivyoiona mpakani

Kitabu kinaitwa Uganda Clinical Guidelines, toleo la 2023, mwongozo wa kutibu magonjwa wa Wizara ya Afya ya Uganda. Sisi kazini tunasema UCG, basi. Bei yake ni bando: faili lipo bure kwenye tovuti ya wizara, unalipakua siku mtandao ukiwa na akili. Kurasa zinapita elfu moja, zote Kiingereza, ingawa Kiswahili kilipewa cheo cha lugha rasmi ya pili kwenye Katiba yetu tangu 2005. Cheo kipo, kitabu hakipo. Natafsiri mwenyewe, papo hapo, mgonjwa akiwa amekaa mbele yangu.

Mimi ni afisa tabibu. Nina kliniki ya vyumba viwili Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka. Wenyeji wananiita musawo, madereva wa kutoka Mombasa wananiita daktari, mume wangu ananiita mtu wa usiku. UCG naitumia tangu toleo la 2016, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyekifungua jana.

Sikukusudia kuandika habari za wakubwa wanaosaini kurasa za mbele za kitabu. Aliyenisukuma ni dereva mmoja.

Alikuja saa tano usiku, mtu wa makamo, anapeleka mzigo Juba. Joto 38.9, viungo vinamuuma, lakini ametembea mwenyewe, anakunywa maji, anatania taniboi wake. Kipimo cha damu ya kidole kikatoa mistari miwili. Malaria ya kawaida.

"Daktari, nipige sindano. Vidonge ni vya watoto."

Nikamweleza. Vidonge 24: vinne sasa hivi, vinne baada ya masaa manane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili, na ale kitu chenye mafuta kidogo. Sindano ya atesuneti ni ya aliyezidiwa, anayepoteza fahamu, anayetapika kila anachomeza, aliyeshikwa na degedege. Wewe baba unanitania, hujazidiwa.

"Mwenzangu walimpiga sindano pale kliniki nyingine. Elfu ishirini tu, asubuhi akashika usukani."

Nikafungua simu, nikamgeuzia ukurasa. Akausoma kwa kidole, pole pole, midomo ikitembea. Kisha akainua macho.

"Sawa. Aliyesema hivi ni nani?"

"Wizara."

"Wizara ni jengo, daktari. Nimeuliza nani."

Jengo nalijua, lipo Lourdel Road, Nakasero. Nani, hapo nikakwama. Nikarudisha faili hadi mwanzo, kule ambako toka chuoni hatukufundishwa kusoma kwa sababu mtihani hautoki kule. Kuna dibaji, kuna shukrani, kuna orodha ndefu ya madaktari na wafamasia walioshiriki. Nikamsomea vyeo. Akasikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza matangazo ya msiba wa ukoo mwingine.

Sasa nikitathmini kitabu lazima niseme haki yake kwanza. Kinaanza na dharura na ajali, na hapo tu naona aliyekipanga amewahi kukaa zamu. Mtu anayekosa pumzi baada ya sindano hasubiri upekue sura ya 15. Na jambo ninalolipenda kuliko yote ni zile herufi ndogo pembeni ya kila hatua ya matibabu: HC2, HC3, HC4, halafu hospitali, halafu rufaa ya mkoa. Maana yake, hatua hii ianzie kituo cha ngazi gani. Ukiona HC2, hata zahanati ya parishi inaweza. Ukiona HC4, wewe mwenye kituo kidogo mpe mgonjwa huduma ya kwanza, mwandikie barua, tafuta gari. Vile viherufi vimeniokoa na kiburi mara nyingi. Kuna usiku nilikuwa nashawishika kubaki na mama mwenye presha ya ujauzito kwa sababu mvua inanyesha na familia inalia pesa ya boda. Nikatazama pembeni ya mstari. Nikapiga simu ya gari.

Sasa fikiria kidogo: vile viherufi ni hukumu. Kuna watu walikaa mezani wakasema dawa hii kituo cha chini hapana, ile ndiyo. Ndugu yake UCG ni orodha ya dawa muhimu za taifa, nayo inazigawa kwa herufi tatu, V, E na N: zile ambazo bila hizo mtu anakufa, zile za lazima, na zile za kusaidia. Pesa zikiwa chache, na lini zilikuwa nyingi, V ndiyo inanunuliwa kwanza. Hiyo nayo ni hukumu, tena nzito. Lakini dibaji haibishani, haisemi hapa tulikataa na sababu ni hii. Wakubwa wanashukuru, wanahimiza, wanasaini. "Hapana" wanatuachia sisi wa mpakani tuitamke saa tano usiku, mbele ya mtu mwenye noti mkononi.

Nilimsimulia hili binti wa shangazi yangu, muuguzi kule Manchester, akacheka dakika nzima kwenye sauti ya WhatsApp. Uingereza wana chombo chao cha miongozo, kinaitwa NICE, kina ofisi London na hapo hapo Manchester. Nikaenda kusoma mwenyewe, maana binti wa shangazi ana tabia ya kusifia vya huko. Kilianza 1999 na watu wawili juu: Michael Rawlins, mtaalamu wa dawa, mwenyekiti, na Andrew Dillon, aliyekuwa akiendesha hospitali, mtendaji mkuu. Mwaka ule ule wa kwanza wakaishauri serikali kwamba Relenza, dawa ya mafua makali ya kampuni ya Glaxo Wellcome, isiandikiwe wagonjwa msimu ule, kwa kuwa ushahidi kwa wale walio hatarini zaidi haukutosha. Kampuni ilifoka. Wawili wale hawakujificha nyuma ya jengo. Mwaka uliofuata ushahidi zaidi ulipokuja, chombo kikairuhusu kwa walio hatarini. Rawlins alikaa kitini zaidi ya miaka 12, Dillon hadi 2020. Bodi yao inakutana hadharani, mwananchi anaweza kwenda kusikiliza. Na kwa miaka mingi walikuwa na kipimo cha wazi: dawa ikigharimu zaidi ya pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya inaouleta, ijieleze vizuri. Pauni 20,000 ukiwapelekea vijana wa kubadilisha pesa hapa mpakani unapita milioni tisini. Nilifunga simu nikanywa maji.

Sisemi tuwe Uingereza. Kwetu hakuna chombo cha pembeni kama kile. Miongozo inatoka wizarani moja kwa moja, na mkubwa wa kitaalamu pale ni Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya. Si kiti cha mapambo. Dk. Jane Ruth Aceng, daktari wa watoto, alikikalia kuanzia 2011 hadi alipofanywa waziri 2016. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba juu kule hakuna aliyewahi kushika mgonjwa. Wapo. Ninachotaka ni wajitokeze kwenye kurasa zao. Ukurasa mmoja tu: mambo matano tuliyokataa safari hii, na kwa nini. Ningeuchapa niubandike ukutani, juu ya kiti cha mgonjwa.

Lawama yangu nyingine ni muda. Toleo la 2016 lilikuja miaka minne baada ya la 2012. Halafu tukangoja hadi 2023. Miaka saba, na katikati yake korona ilipita. Tulikuwa tunaishi kwa waraka mmoja mmoja, picha za WhatsApp zisizo na tarehe, hujui huu ndio wa mwisho au umeshafutwa. Hapo ndipo uongozi unaonekana au haukuonekana.

Kuhusu umbo, haraka haraka: kwenye simu kinatafutika vizuri, andika jina la ugonjwa kinakuja. Kwenye karatasi ni tofali. Mimi nilichapisha sehemu za dharura, malaria, uzazi na watoto huko Nasser Road, Kampala, wakanijalidia kwa gundi. Sura ya uzazi imeshaachia. Tumieni waya wa kuzungusha, msiwasikilize wakisema gundi inadumu.

Kwa matibabu nakipa nyota nne na nusu. Kwa kurasa za mbele, moja na nusu, na ile nusu ni ya ile orodha ndefu, kwa kuwa kuna mwalimu wangu ndani.

Dereva alichukua vidonge. Vinne vya kwanza alivimeza mbele yangu kwa chapati. Kabla ya kutoka akaomba apige picha simu yangu. Nikadhani anataka ukurasa wa dozi, nikaanza kuutafuta.

"Hapana, ule wa mwanzo, wenye saini. Nikizidiwa njiani, taniboi ajue wa kumpigia."

Nikamwambia hauna namba ya simu. Akaupiga hivyo hivyo.