Nimejenga Spika za Honi Hapa Kampala: Achana na Wati, Uliza Desibeli

Haya haya haya, karibuni tena wadau, tuko Kampala, mvua imetoka kunyesha sasa hivi kwa hiyo mkisikia mabati yanalia huko nyuma ni maji yanamalizikia tu, msianze kuandika kwenye komenti eti spika zinakwaruza. Leo sina boksi la kufungua. Bidhaa ya leo imetoka Ndeeba, kule kwa mafundi mbao, imekatwa kwa msumeno, imebandikwa kwa gundi na mikono hii hii, ndiyo haya makabati mawili mnayoyaona nyuma yangu. Mama watoto ameshauliza nguo zitaingia mlango gani. Nyabo, hazina mlango, ni spika.

Tena ni spika za honi. Sio honi ya msikitini wala ya gari la kampeni, hizi ni za kusikiliza muziki sebuleni ukiwa umekaa. Humo ndani kuna draiva moja tu, yaani ile spika yenyewe yenye koni na sumaku, inchi nane, hakuna twita ya sauti nyembamba, hakuna krosova ya kugawa sauti. Mbele ya koni inatoa sauti ya mwimbaji na magitaa moja kwa moja kwako, nyuma ya koni inasukuma hewa kwenye njia ya mbao iliyokunjwa kunjwa ndani ya kabati, njia inaanza nyembamba inaendelea kupanuka mpaka inatokea hapa chini kwenye huu mdomo mkubwa, na hapo ndipo besi inapotokea. Mambo ya inchi na kilo nimeyaandika chini ya video, sitayasoma hapa tutalala.

Mimi nataka niwaonyeshe kitu kimoja, na nitakaa nacho sana leo, ukiona nimezidi ruka mbele lakini utajuta.

Ona hii. Hii ni kadi ya ampu, kile kikuza sauti, chipu yake inaitwa TPA3116, inakaa kwenye kiganja. Na hii ni betri ya volti 12, ile ile ya sola ya kuwashia taa. Sasa piga hesabu na mimi. Volti 12 kwenye spika ya ohm 8, hii kadi haivuki wati 9 safi hata uipigie magoti. Wati 9 ssebo! Nenda pale mjini umwambie kijana wa duka unatafuta ampu ya wati 9 uone atakavyokuangalia, atakuvuta kwenye lile limnara la spika lenye taa za rangi limeandikwa PMPO, zile wati za matangazo, elfu kumi na ngapi sijui. Elfu kumi! Hiyo waya ya umeme nyuma yake ni nyembamba kuliko ya pasi ya nguo, hizo wati elfu kumi zinapita wapi? Nitarudi kwenye hilo limnara, lina kesi yake.

Kushoto nimeweka spika ya kawaida, ndogo ya mezani, ni nzuri tu sina ugomvi nayo. Kulia ni honi. Nacheza mlio wa hezi 60, naweka maltimita kwenye waya za spika, AC, napandisha polepole... 2.5... 2.7... hapo, volti 2.83. Kwa spika ya ohm 8 hiyo ni wati moja, wala usiniulize imetoka wapi, 2.83 mara 2.83 gawa kwa 8, fanya mwenyewe. Volyumu sigusi tena. Sasa naondoa ule mlio naweka ile kelele ya shaaa yenye nguvu hiyo hiyo, simu naiweka mita moja mbele ya spika. App ya simu ya kupima desibeli, yaani ukali wa sauti, sio mashine ya maabara, nakubali kabla hamjanishambulia, ila tofauti kati ya spika mbili inaiona vizuri. Ya kawaida hiyo... 85, 86, imekaa 86. Nahamisha waya. Honi... banange. 95, 96, angalia, 96, na mlango wa jirani umefunguliwa huo.

Desibeli kumi. Kwa sikio lako wewe hiyo ni kama sauti imeongezeka mara mbili, lakini kwa upande wa nguvu ni mara kumi, na hapa ndipo watu wanapigwa pesa kila siku. Kila ukipanda desibeli 3 wati zinajidouble. Ukitaka hii ya kushoto ifikie pale ilipo honi ikila wati moja, mpe wati 10. Honi ikila wati zake zote 9, huyu wa kushoto anadai 90, sasa hizo 90 utazitoa kwenye betri ya taa? Ndiyo maana nasema mtu akikuuzia spika muulize desibeli ngapi kwa wati moja kwa mita moja, akianza kukuimbia wati peke yake toka nje panda boda yako uende.

Ngoja tusikilize kitu cha ukweli. Vaeni earphone. Naweka kadongo kamu, gitaa moja na mzee anasimulia maisha yake, bado ni ile kadi na ile betri. Sikia kidole kinavyoacha waya. Sikia tena. Narudisha nyuma kidogo... hapo! Mzee anavuta pumzi kabla ya kuimba, umeisikia? Draiva inaguswa kidogo tu na tayari imeruka, kwa sababu koni haiendi mbali, honi ndiyo inayofanya kazi ya kuikamata hewa. Weka mikono yako mdomoni hivi umuite mtu ng'ambo ya bonde, mapafu ni yale yale lakini atakusikia. Ndiyo hivyo tu, hakuna uchawi. Na umeme ukikatika hapa mtaani, kama kawaida yetu, mimi naendelea na muziki na majirani wanadhani nina jenereta la kimya.

Halafu haya mambo sio mapya jamani. Majumba ya sinema ya miaka ya 1920 na 1930 yalijaza ukumbi mzima wa watu kwa ampu za vali, zile taa za glasi za zamani, zenye wati chache sana, kwa nini? Honi. Hawakuwa na njia nyingine. Halafu wati zikaja kuwa rahisi, watu wakataka spika ndogo zinazokaa kwenye shelfu, honi zikabaki kwa wenye vichwa vigumu. Paul Klipsch kule Arkansas, Marekani, alianza kuuza ya kwake 1946, Klipschorn, hiyo inakaa kwenye kona ya chumba na zile kuta mbili zinakuwa sehemu ya honi yenyewe. Mpaka leo inauzwa, bei yake msiitafute usiku.

Na hiyo kona ndiyo siri ya kujenga. Besi ya hezi 40, wimbi lake ni mita nane na nusu hivi. Honi kamili ya kuitoa hiyo ikiwa hewani peke yake ingetaka mdomo wenye mzunguko wa hizo hizo mita nane na nusu, yaani upana kama mita 2.7. Muzigo wako, hicho chumba chako cha kupanga, una mita ngapi? Ungelala ndani ya honi. Lakini ukiisimamisha sakafuni, halafu ukaisogeza ukutani, halafu kona, kila hatua chumba kinakusaidia na mdomo unaweza kuwa mdogo. Hizi zangu njia ya ndani ni kama mita mbili na nusu, imekunjwa, na bila kona besi inapungua kabisa, angalia nazivuta mbele... umesikia imekonda? Narudisha. Hapo.

Kwa wanaotaka kujenga, usikate mbao kabla ya kucheza na Hornresp, ni programu ya bure ya kupigia hesabu za honi, ya David McBean wa Australia, sura yake ni ya kompyuta za zamani mno lakini inajua kazi. Draiva tafuta yenye sumaku nzito na Qts ya chini, hiyo ni namba inayoonyesha koni inavyoshikwa isiendelee kutikisika, hizi zangu ni Fostex FE206En za Japani, Qts yake karibu 0.2, ukichukua wufa ya kawaida ya gari ukaifungia humu utapata bumbumbum ya chooni. Na kitu ambacho Waganda mtakipenda, karatasi ya hizi koni ina nyuzi za mgomba. Mgomba! Sisi tunafungia matooke, Wajapani wanaimbisha. Natafuta fundi wa karatasi hapa anisaidie kujaribu kitu fulani, kama upo niandikie, hiyo ni siri ya chaneli kwa sasa.

Plaiwudi ni ya milimita 18. Fundi wa Ndeeba mwenye meza ya msumeno atakukatia zote siku hiyo hiyo ukienda na orodha iliyoandikwa vizuri, ukienda na mchoro wa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka shauri yako. Hewa isivuje popote, hasa kwenye kachumba kadogo nyuma ya draiva, ziba kila kiungo. Na msipake varnishi ya nje mkaacha ndani, hapa karibu na ziwa unyevu unaingia mbao inavimba.

Sasa yale ninayoyachukia. Zinapiga kelele. Sauti ya mwanamke akipanda juu, na tarumbeta, kuna sehemu pale katikati, hezi elfu mbili tatu hivi, inakuchoma sikio. Sikia... hiyo. Ukizielekeza pembeni kidogo zisikutazame usoni inatulia, wengine wanaongeza koili na rizista kwenye waya na ninadhani mimi pia nitafika huko, ingawa mwanzoni nimejigamba hakuna krosova. Na chini ya hezi 40 hamna kitu, ukuta unasimama hapo. Besi nayo inatoka imechelewa kama milisekunde 7 kwa sababu imezunguka njia ndefu, kwenye gitaa na ngoma za mikono husikii chochote, kwenye hizi amapiano za logi dramu, ile besi yao nzito... eeh. Nilitaka kusema huhitaji subwufa. Kwa muziki wangu huhitaji. Kwa muziki wa kijana wangu unahitaji, sawa, tuseme unahitaji ndogo.

Na lile limnara la taa, kesi yake ni hii, kwenye sherehe ya uani linashinda. Linakula vumbi, linabebwa na boda, lina bluutuuthi na maikrofoni ya kuitia watu chakula. Hizi honi mbili zinabebwa na watu wanne. Kwa hiyo kama shida yako ni kwanjula ya wiki ijayo, ile sherehe ya kutambulishana na wakwe, nunua limnara, sitakucheka sana.

Bei. Najua ndiyo mmeisubiri. Draiva mbili zinapita dola mia mbili kabla ya usafiri na ushuru, na hapo ndipo pesa yote inaishia. Plaiwudi karatasi moja ni zaidi ya laki moja ya Uganda na inapanda kila nikirudi, na unahitaji kadhaa. Kadi ya ampu ni pesa ya rolex chache, zile chapati za mayai sio saa, nyie wa Nairobi mnazipata kirahisi zaidi yetu. Ukisema ni ghali nakuelewa, anza na draiva ya inchi nne tano, kuna michoro ya bure inaitwa Frugel-Horn, ni nyembamba na inakula mbao kidogo.

Maikrofoni mpya ya chaneli imefika ila kebo yake haijafika, msiniulize. Video ijayo tunapasua limnara la PMPO tuone ndani kuna nini, nimeshalinunua, kwa hiyo subskraibu. Na wale mnaouliza kama nauza hizi, hapana, siuzi, na yule wa jana aliyetaka kubadilishana na mbuzi, ssebo, tuma picha ya mbuzi kwanza.