TAHADHARI: Cheti cha msaidizi wa kisheria "aliyethibitishwa na ABA" ni utapeli

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaotafuta chuo cha kusomea usaidizi wa kisheria, someni hapa kabla hamjalipa ada.

Mimi nimeshatapeliwa. Tangazo la chuo nilichosoma lilisema ukisoma miezi mitatu unakuwa "msaidizi wa kisheria aliyethibitishwa na ABA", yaani Chama cha Wanasheria cha Marekani. Afisa udahili alinipigia mara nne siku moja, eti nafasi zinakwisha usiku ule. Nikalipa yote kwa mkupuo. Cheti nilipewa, kizuri, kina muhuri wa dhahabu. Nilipokipeleka ofisi ya wakili kuomba kazi, mama aliyenihoji alikisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, nani amekupa hiki?"

Ndipo nikajua kwamba ABA haimthibitishi mtu. Inaidhinisha programu ya chuo, na orodha iko wazi kwenye tovuti yake. Tuliifungua pale pale mezani kwake. Chuo changu hakimo.

Kukosa idhini ya ABA si kosa, maana ni ya hiari na vyuo vizuri vipo visivyoiomba. Kosa ni kudai unayo. Na programu yenye idhini hiyo inataka angalau krediti (alama za kupimia masomo ya chuo) 60 za semista, 18 kati yake ziwe masomo ya sheria yenyewe. Mtu niliyetoka sekondari juzi, miezi mitatu ningezipata wapi? Ukitaka uthibitisho wako binafsi, unafanya mtihani wa chama cha wasaidizi wa kisheria kama NALA, ulioanza 1976. Chuo hakiwezi kukugawia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walituambia tukihitimu tunaweza kufungua ofisi na kushauri wateja. Mwenzangu alikuwa keshatafuta chumba! Kumshauri mtu kisheria bila leseni ya uwakili wala usimamizi wa wakili kunaweza kukufikisha mahakamani wewe mwenyewe. Hilo hawakulitaja hata siku moja, na hatukuwahi kuandika hata hati moja ya kiapo.

Tafuteni jina la chuo kwenye tovuti ya Idara ya Elimu ya Marekani muone kama chuo chenyewe kina ithibati. Kisha pigeni simu chuo kingine muulize kama watazipokea krediti zake. Zangu zilikataliwa zote.

Kama nawe umeshalipa, usifute tangazo wala kutupa risiti. Nilipopeleka malalamiko yangu kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, hivyo viwili ndivyo nilivyoulizwa kwanza.